Sauti ya Kabatini

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Samahani, na jina hilo lilimkaa kama nguo aliyopimiwa na fundi. Alikuwa mpokea simu wa shirika la maji. Kutwa nzima alivaa hedifoni akiomba radhi kwa makosa yasiyo yake: bomba limepasuka, maji yametoka na tope, mita imesoma kana kwamba mteja anaogesha tembo. Watu walimtukana wakamalizia na wazazi wake, naye alijibu, "Samahani sana kwa usumbufu, ndugu mteja," kwa sauti laini kama pamba. Wenzake walisema huyu hata akikanyagwa mguu ataomba radhi kwa kuuweka njiani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba kwenye koo lilelile kulikuwa na mngurumo wa kutikisa vyombo kabatini. Naye alijua kwa bahati tu.

Mtu huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa friji. Mtaa mzima ulimwita Barafu, kwa kazi yake na kwa tabia yake pia, maana hakuna aliyewahi kumwona akichemka. Tangu ndoa yake ivunjike alikuwa akiishi nao, chumba cha nyuma, na gitaa lake lililochakaa rangi. Mume wa Bi Samahani alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana na kupotea. Nyumba basi ilibaki na watu wazima watatu: yeye, Barafu na mama mkwe, ambaye magoti yalikuwa yamemchoka lakini ulimi bado mbichi. Watoto walikuwa mapacha, na kwa ajili yao majirani walimwita Mama Pacha.

Siku ya bahati hiyo alirudi kutoka zamu ya asubuhi akadhani nyumba haina mtu. Huko uani spika ya Barafu ilikuwa imeachwa wazi, ikipiga wimbo mmoja wa zamani wa hevi metali. Ulikuwa wimbo wa kundi la ng'ambo, watu wa nywele ndefu na suruali za kubana, nao ulikwisha kuzeeka kabla mapacha hawajazaliwa. Ulimhusu mchimba madini aliyefukiwa chini ya ardhi, anayegonga mwamba ili walio juu wajue yu hai. Magitaa yalikuja kama kifusi kinachoporomoka, na mwishoni kabisa mwimbaji alipiga ukelele mmoja mrefu ambao waimbaji wengi walikuwa wameujaribu wakaishia kukohoa. Bi Samahani aliujua neno kwa neno, kwa kuwa kaka yake mkubwa alikuwa na kanda yake walipokuwa wadogo. Akaanza kuosha masufuria huku akiufuatisha kwa chini. Chini ikapanda. Mwisho ulipofika akaupiga ule ukelele wote, macho ameyafumba, povu likimtiririka mpaka kwenye viwiko.

Alipofumbua macho, Barafu alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi.

Bi Samahani alitamani sakafu ipasuke immeze pamoja na masufuria.

"Shemeji," Barafu alisema taratibu, "hebu rudia hapo mwisho."

"Rudia nini? Nilikuwa napiga chafya."

"Chafya gani hiyo yenye beti?"

Wakacheka wote wawili, ndipo Barafu akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mtungi wa gesi ulipopasuka karakana anakofanyia kazi, watu walimshukuru Mungu kwamba hakuungua. Hakuungua, kweli, lakini sikio la kushoto lilikufa palepale, na sasa daktari alisema la kulia linamfuata mwenzake.

"Wimbo huu tuliupiga ujana wetu, mimi na wenzangu, kwenye kumbi mpaka viatu vikatoboka," alisema. "Hatukuurekodi hata mara moja. Nataka nijisikie nikiupiga, shemeji, mara moja tu, kabla hapa hapajaziba. Gitaa ninaweza. Sauti sina. Wewe unayo."

"Mimi? Mama mkwe akisikia?"

"Hatasikia. Nawe usimwambie habari za masikio, atalia bure."

Wakapeana ahadi: yeye atunze siri ya masikio, na Barafu atunze siri ya sauti. Lakini Bi Samahani alikuwa na la kuogopa zaidi kuliko mwenzake. Mwanamke mwenye mume safarini, ananguruma muziki ambao mtaani waliuita wa mashetani, tena na shemeji yake! Watu hawahitaji kuni nyingi kuwasha moto wa namna hiyo.

Barafu alianza peke yake. Ngoma alizipanga kwenye kompyuta, pigo moja moja, kama fundi anayepanga vigae. Gitaa alilirekodi akiwa ameinamisha kichwa upande wa kulia, sikio zima likielekea kwenye spika, mithili ya kuku anayesikiliza mdudu chini ya jani. Alirudia pale pale mara nyingi kiasi kwamba mapacha walianza kuupiga wimbo huo kwa mluzi wakienda shule. Hakukasirika. Alifuta, akaanza upya.

Zamu ya sauti ilipofika wakangoja siku ambayo Bi Samahani hakuwa kazini, mapacha wako shule na mama mkwe amekwenda zahanati kwa magoti yake. Walichagua chumba cha watoto kwa sababu ya kabati lake kubwa. Barafu alieleza kwamba nguo hunywa mwangwi. Akatundika maiki ya kuazima kati ya sare na makoti, akaivisha soksi ya shule ili isishike pumzi, kisha akaegemeza godoro mlangoni ili sauti isitoke nje. Bi Samahani akaingia kabatini, hedifoni masikioni, pua imejaa harufu ya sabuni na viatu vya watoto.

Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha. Mara akohoe, mara hanga la nguo limdondokee kichwani, mara aombe maji, Barafu ampenyezee kikombe kwenye upenyo wa mlango wa kabati kama anayemlisha mfungwa. Kisha koo likafunguka. Mchimba madini akafukiwa, akagonga, akaita. Bi Samahani aliimba huku jasho likimlowesha shingo, kitambaa cha kichwa kikamvuka akakiacha kidondoke. Kila alipomaliza beti, Barafu alimwonyesha kidole gumba, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo shemeji yake hakuwahi kuiona pale hata siku Barafu alipooa.

Ukabaki ule ukelele wa mwisho. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akauachia.

Haukufika nusu. Godoro lilisukumwa kwa kishindo likamwangukia Barafu mgongoni, na mlangoni akatokea jirani wa ukuta mmoja, Mama Cherehani, ameshika rula yake ndefu ya mbao kama mkuki. Nyuma yake alikuwa mama mkwe, ambaye hakumkuta daktari akarudi mapema, na nyuma ya mama mkwe vichwa vingine viwili vitatu vya majirani.

"Nani anachinjwa humu?" Mama Cherehani alifoka.

Bi Samahani aliona macho yao yakitembea. Yaliliona godoro. Yakaona kitambaa chake sakafuni. Yakamwona yeye, kichwa wazi, jasho tupu, ndani ya kabati, na shemeji yake akijinasua chini ya godoro. Akaona hadithi ikijiandika nyusoni mwao kabla hajafungua mdomo, na akaisikia ikimfikia mumewe huko barabarani. Mkono wake ukakamata rundo la sare za shule, ukaanza kuzikunja.

"Hakuna anayechinjwa," alisema, kwa ile sauti yake ya pamba. "Ni shemeji na muziki wake. Mimi nimo humu napanga nguo za watoto, joto limenizidi."

"Na huo mngurumo?"

"Redio yake. Nimemwambia apunguze, hasikii."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila kulipima. Barafu alikuwa amesimama sasa, akitazama midomo yao mmoja mmoja, maana kelele zikiwa nyingi alikuwa hashiki maneno. Aliutazama mdomo wa shemeji yake. Akazitazama sare zinazokunjwa. Bi Samahani alimwona akielewa.

"Ndiyo," Barafu alisema. "Ni mimi. Nilifungulia sana. Mnisamehe."

Mama mkwe akasogea mbele akiburuta goti. "Wewe mtoto huna masikio? Hujisikii makelele unayopiga? Mtu mzima una mvi, unawatia watu kiwewe mchana kweupe!"

Mama mkwe aligeuza uso akamtazama mkwewe, akakaa akimtazama. Bi Samahani akaongeza shati jingine kwenye rundo.

Ndipo Mama Cherehani akaangua kicheko, kwa ahueni ya kutokuta maiti. "Lo! Nami nimeacha suruali ya mteja chini ya sindano! Barafu gani huyu anayechemka hivi?" Wote wakacheka. Na Bi Samahani naye akacheka. Uongo angeweza kuutetea, kwamba ulimponyoka kwa hofu. Kicheko hakuwa na pa kukiweka. Alikicheka mwenyewe kwa meno yake, akimtazama mtu aliyekuwa akimpenyezea maji kabatini muda mfupi uliopita.

Jioni hiyo Barafu hakumlaumu. Alimsaidia kurudisha godoro kitandani, akasema, "Ulikuwa umebanwa, shemeji. Imepita. Ila bado ule mwisho. Ukipata nafasi tuumalizie."

"Nikipata nafasi," alisema.

Nafasi haikupatikana, kwa kuwa mwenye kuitafuta hakuitafuta. Mara ana zamu, mara koo linawasha, mara mapacha wana homa. Kila alipokuwa nyumbani akamwona Barafu anakuja ukumbini, yeye alikumbuka nguo kwenye kamba. Aibu ina tabia hiyo: badala ya kumpeleka mtu kwa aliyemkosea, humfundisha njia za uchochoro za kumkwepa. Barafu aliuliza mara kadhaa, halafu akaacha kuuliza. Gitaa likaingia chini ya kitanda.

Hata hivyo wimbo ulitoka. Barafu aliuunganisha kama ulivyokuwa, akawatumia wenzake wa zamani, bila kuandika mwimbaji ni nani. Na kwa kuwa dunia ni kijiji, binamu wa mmoja wao alikuwa akifanya kazi shirika la maji, meza ya tatu kutoka kwa Bi Samahani. Wakati wa mapumziko akaufungulia kwenye simu.

"Sikilizeni huyu mwanamume! Binamu yangu anasema hajapata kusikia koo kama hili."

Wapokea simu wakakusanyika. Bi Samahani akaisikia sauti yake ikitoka kwenye kile kisimu, kubwa, yenye mikwaruzo, isiyoomba radhi kwa yeyote. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomchoma: ilikuwa nzuri kweli. Nyuma yake gitaa la Barafu lilipanda na kushuka bila kukosea hata kidogo.

"Simba kameza spika," mmoja akasema, wakacheka.

"Bi Samahani, wewe unaonaje? Au umeogopa?"

Angeweza kusema. Hapakuwa na godoro pale, wala shemeji, wala rula ya mbao. Palikuwa na watu waliompenda.

"Huyo ana kichaa," alisema. Wakacheka zaidi, naye akarudi mezani, akavaa hedifoni, na mteja wa kwanza aliyempigia akamwambia hana haya. Safari hiyo hakuomba radhi. Alinyamaza mpaka mteja akauliza kama simu imekatika.

Mambo yalifumuka nyumbani siku chache baadaye. Mama mkwe alimwita Barafu apokee kapu, akamwita tena, akamwita mara ya tatu akiwa nyuma yake karibu kabisa. Barafu hakugeuka. Aliendelea kufunga skrubu ya feni. Mama alimgusa bega, naye akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Wakatazamana. Siri haikuhitaji tena kusemwa.

Bi Samahani alimkuta mama mkwe ameketi ukingoni mwa kitanda, dawa ya magoti iko mkononi haijafunguliwa.

"Kumbe mwanangu hasikii," mama alisema. "Nami nilimuuliza mbele ya watu kama hana masikio."

Bi Samahani akaketi sakafuni miguuni pake. "Mama, mimi nilijua habari za masikio. Aliniambia. Na siku ile... ile haikuwa redio, mama."

"Redio haikohoi, mwanangu," mama mkwe alisema. "Nilifika kabla ya Mama Cherehani. Nilisimama ukumbini nikakusikia unakohoa, ukaomba maji, ukaanza tena. Sauti yako naijua tangu unazaa mapacha wale, mimi si ndiye niliyekushika mkono?"

"Sasa mbona ulimgombeza yeye?"

Mama mkwe aliizungusha ile dawa mkononi. "Nilidhani nikimgombeza utaona huruma, useme mwenyewe. Nilikungoja. Nawe ukakunja shati. Kumbe wote wawili tulimrushia mawe. Mimi langu nililirusha nikidhani ni mtego wa kukunasa wewe."

Hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alimpa dawa tu ampake magoti, na Bi Samahani akampaka, machozi yakimchuruzika, akisugua mahali palepale mpaka mama akamwambia, "Goti la pili pia linauma."

Kesho yake alikwenda karakana. Barafu alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji kubwa la duka la nyama, wateja wawili wakimngoja na fundi mwenzake akichomelea bomba. Bi Samahani alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Akainama begani pake akayasema yote kwa chini, kwa upole, moja baada ya jingine: kwamba alimkana, kwamba alicheka, kwamba hata kazini alimkana tena, kwamba ule mwisho aliukwepa makusudi. Alipomaliza akangoja.

Barafu akanyoosha mkono kutafuta koleo. Ndipo akamwona. "Ah, shemeji! Umekuja saa ngapi?"

Alikuwa ameyasema yote upande wa kushoto.

Akazunguka upande wa pili. Kompresa, ile injini ya friji, ilikuwa inanguruma, bomba linachomelewa. "Nisamehe," alisema.

"Nini?"

"Nisamehe!"

Barafu akatikisa kichwa, akaonyesha sikio la kulia, akanyanyua mabega. Basi Bi Samahani akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"NISAMEHE! ILIKUWA SAUTI YANGU NIKASEMA SI YANGU! WALIKUCHEKA NAMI NIKACHEKA!"

Moto wa kuchomelea ukazimwa. Mwenye duka la nyama akavua kofia bila kujua kwa nini. Mpita njia alirudi hatua moja achungulie. Bi Samahani alisimama katikati ya mafriji yaliyofunguliwa matumbo, uso unamwaka, watu wasiomjua wakimtazama, na safari hii hakuokota kitu cha kukunja.

Barafu aliufuta mkono wake kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.

"Nimesikia," alisema. "Sikupenda siku ile, shemeji. Nilijifanya nimeelewa, lakini sikupenda. Zaidi sikupenda zile nguo kwenye kamba. Nilikuwa nakuona dirishani, unaanua nguo ambazo hazijakauka."

Bi Samahani akaitikia kwa kichwa, kwamba ni kweli.

"Nimekusamehe," Barafu aliongeza, kwa namna ya mtu anayeanza kazi ambayo haitaisha siku hiyo. "Nenda nyumbani. Huyu bwana nyama yake itaharibika."

Bi Samahani alipoomba waumalizie ule mwisho, Barafu alikubali, wakajaribu, mlango wazi na mama mkwe ameketi kwenye kitanda cha mapacha. Lakini sasa gitaa na sauti vilimfikia kama vitu vilivyofungwa kwenye blanketi. Hakuweza tena kupima kama viko pamoja. Akazima kompyuta akasema wauache kama ulivyo, amekwisha kujisikia, inatosha.

Mume aliporudi kutoka safari, Bi Samahani alimwambia mwenyewe, kabla hajavua viatu, kwamba aliimba na Barafu akarekodi, kwa kuwa Mama Cherehani alikuwa tayari uani. Kwanza hakuamini. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, akataka kuusikia. Wakakaa wote ukumbini. Barafu aliweka kiganja juu ya spika ili aushike mtetemo, na wimbo ukaanza: kifusi, magitaa, mchimba madini akigonga. Mume aliacha kucheka. Alimtazama mkewe kama abiria aliyepanda lori lake bila yeye kujua.

Ule ukelele wa mwisho ukaanza kupanda, ukakatika katikati.

"Mbona umeishia hapo?" mume aliuliza. "Mashine iliharibika?"

Barafu, kiganja bado juu ya spika, hakuwa ameliona swali. Mama mkwe alikuwa anayatazama magoti yake.

"Haikuharibika," Bi Samahani alisema. "Nilikunja nguo."

Mumewe hakuelewa, akamgeukia mama yake, na mama akamwambia kwamba atamweleza mwenye habari. Basi Bi Samahani akamweleza tangu mwanzo, kwa sauti ya kutosha watu wote kusikia, akimtazama Barafu ili asome midomo. Alipofika kwenye kicheko alisita, akatazama chini, kisha akainua tena uso wake, maana akitazama chini Barafu hawezi kusikia.